Gazi ya Mbaruk na Mabibi Wasiotajwa

Anayeuliza historia ya Gazi huelekezwa moja kwa moja kwa Mbaruk bin Rashid al-Mazrui. Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, alipoitwaa Mombasa mwaka 1837 kutoka kwa ukoo wa Mazrui, walionusurika waligawanyika: wengine wakashika Takaungu upande wa kaskazini, wengine Gazi upande wa kusini. Ukaidi wa Mbaruk kwa Zanzibar, kisha vita vyake na Waingereza mwaka 1895 hadi alipovuka kwenda kwa Wajerumani mwaka uliofuata, umeandikwa sana. Mama, wake na dada wa nyumba ile hawaonekani. Naona ukimya huo unaeleza tabia ya waliotunza habari kuliko hali ya wanawake wenyewe.

Chukua Siyu, mji wa kisiwa cha Pate. Mtawala wake, Bwana Mataka, naye alipambana na Zanzibar, akafa mwaka 1856. Miaka miwili baadaye mjane wake, Mwana Kupona binti Msham, alimtungia binti yake utenzi, na hadi leo tunaisikia sauti yake. Nyumba mbili, adui mmoja, ila moja tu imetuachia bibi anayesema. Tofauti ni kwamba utenzi ulikuwa chombo ambacho wanawake walikighani na kukinakili wenyewe kwa wenyewe, wala haukungoja idhini ya mwandishi wa nasaba. India ya kale ina mfano wa jambo hilohilo. Mahapajapati Gotami, mke wa mfalme na mama mlezi wa Buddha, anasimuliwa kuwa ndiye aliyeomba wanawake wakubaliwe utawa, akakataliwa kwanza. Beti zinazonasibishwa kwake na watawa wenzake zimehifadhiwa katika Therigatha, mkusanyo wa beti za watawa wa kike wa Kibuddha, kwa sababu palikuwa na jumuiya ya kuzikariri. Kinyume chake, Mwana Mkisi wa Mombasa hakuwa na jumuiya ya namna hiyo. Masimulizi ya mji yanamweka mlangoni kama malkia wa kwanza, kisha Shehe Mvita, mtawala aliyemfuata katika masimulizi hayo, anaingia na mlango unafungwa.

Atasema mtu kuwa Uislamu hauna utawa wa namna hiyo. Kweli, lakini hoja yangu ni nani aliyekariri maneno ya nani, na hilo halihitaji nyumba ya watawa. Pingamizi zito zaidi ni kwamba Mwana Kupona anamfundisha binti yake kumtii mume. Mamlaka yako wapi? Yako katika kufundisha kwenyewe: mjane mgonjwa anayetoa wasia wa dini na adabu, akiwataka wanawake wengine wausome, hasemi kama mtu asiye na neno. (Wanaoucheka utenzi huu kwa utiifu wake huishia katikati; sehemu ndefu ya mwisho ni dua.)

Gazi haikukosa njia ya kuwatambua wanawake. Imezungukwa na Wadigo, ambao kwa jadi mali yao ilipita kwa upande wa mama, mpwa akimrithi mjomba, kabla ya mirathi ya Kiislamu kupata nguvu. Mtafiti wa Gazi aanzie huko, kwenye koo za akina mama, pamoja na madai ya ardhi yaliyosajiliwa Pwani chini ya sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908. Mbaruk anaweza kumngoja.