Kenyatta Alisomea Nini London?

Wasee, ukiuliza watu Kenyatta alisomea nini Uingereza, wengi watakwambia siasa. Zii. Alisomea anthropolojia, sayansi ya kuchunguza jamii za watu, pale LSE, chini ya profesa Bronislaw Malinowski, katikati ya miaka ya 1930. Na aliingia bila digrii ya kwanza. (Mimi niliyeacha chuo napenda sana hiyo sehemu.)

Wakati huo walowezi walikuwa wanasema Mwafrika hamiliki ardhi, anaitumia tu na kuhama. Kenyatta akachukua sayansi ya hao hao Wazungu akawachunguzia watu wake mwenyewe. Mwaka 1938 akatoa *Facing Mount Kenya*, utangulizi umeandikwa na Malinowski. Humo anaonyesha kwamba ardhi ya Wakikuyu ilikuwa na wenyewe: kila ukoo na shamba lake, mpaka wake na mashahidi wake. Hata ile hadithi kwamba ardhi ilikuwa ya kabila zima, ya kila mtu, aliikataa. Sasa kama ardhi ina mwenyewe, mlowezi ni nani?

Huku kwetu Taita kesi ilikuwa ile ile. Mwaka 1939 kina Mengo Woresha waliunda Taita Hills Association, wakilalamikia ardhi iliyochukuliwa na shamba la Mzungu kule Wundanyi. Mwaka 1940 serikali ikakipiga marufuku, pamoja na KCA, chama cha kina Kenyatta. Ushahidi wazee walikuwa nao: misitu ya fighi, mapango yenye mafuvu ya mababu. Nani huweka fuvu la babu yake kwa shamba la wenyewe? Lakini mafuvu hayana utangulizi wa profesa.

Halafu kulikuwa na sayansi nyingine, ya wataalamu wa kilimo. Mwaka 1938 Wakamba walinyang'anywa ng'ombe kwa sababu eti wanaharibu udongo, na Kenyatta akawatetea kwenye gazeti la Uingereza. Mwaka 1954, yeye akiwa kifungoni, afisa wa kilimo Roger Swynnerton akaleta mpango wake: unganisha vipande vya shamba, mpe mtu mmoja hati. Ukoo ukatolewa kwenye hesabu.

Hapa ndipo mimi huwa nakwama na Mzee. Alipokuwa rais, mpango huo serikali yake iliuendeleza. Tena Waraka Na. 10 wa 1965 ukasema pesa za maendeleo ziende pale zitakapozalisha zaidi. Ukiishi Mraru, ukiangalia hili vumbi la Voi, unajua hapo hatukuhesabiwa. Mwanafunzi wa Malinowski alikuwa ameshapitwa na watu wa hesabu za mavuno, na sidhani alipigana sana.

Leo ukienda kutafuta mkopo, hakuna anayekuuliza kaburi la babu yako liko wapi. Wanataka hati.

Kama hujawahi kufungua hicho kitabu, anza na sura ya pili, ile ya ardhi. Halafu muulize nyanya yako mpaka wenu unapita wapi, akiwa bado anakumbuka.