Kutoka Tanuru la Chuma hadi Darasa la Awali



Kila mwaka kijarida hiki hutuletea hesabu ya mabati, saruji na madawati. Safari hii naomba tuangalie nyuma kidogo, kwa sababu historia ya Buhaya ina neno juu ya jinsi mtoto anavyojifunza.

Katuruka, huko Maruku, na Kemondo yamechimbuliwa mabaki ya matanuru ya chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 1,500. Miaka ya 1970 wazee waliokumbuka kazi hiyo walijenga tanuru upya mbele ya watafiti: udongo wa kichuguu, matete ya bwawani yaliyochomwa, mkaa, mivukuto na mabomba ya udongo yaliyopasha hewa moto kabla haijafika katikati ya tanuru. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha habari hizo katika jarida la Science, na dunia ikajua kuwa hapa palikuwa na wahandisi. Ujuzi ule haukuandikwa kwenye daftari. Ulirithishwa kwa kutazama, kushika, kukosea na kurudia.

Mwaka 1892 Mapadri Weupe walifungua misheni ya Kashozi, na mwaka 1904 ikaanzishwa seminari ya Rubya, alikosoma Laurean Rugambwa, ambaye mwaka 1960 alikuwa kadinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi. Tunajivunia urithi huo. Lakini shule ya kikoloni ilileta herufi ndani na kuliacha tanuru nje ya mlango.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka darasa na kazi vikutane tena. Mwaka uliofuata ulianza mradi wa kisomo chenye manufaa uliosaidiwa na UNESCO, makao yake Mwanza, ukahusisha pia mkoa wetu, wakati huo ukiitwa Ziwa Magharibi. Watu wazima walijifunza kusoma kupitia kazi zao wenyewe: pamba, ndizi, ng'ombe, uvuvi. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Upimaji wa 1986 ulionyesha wamebaki chini ya asilimia 10.

Kisha uchumi ukayumba, na vitabu na posho za walimu wa kisomo vikapungua. Sensa ya 2002 ilikuta karibu watu watatu kati ya kumi hawajui kusoma. Vipimo havifanani kabisa, lakini mhasibu yeyote huona funzo lake: jengo hulipiwa mara moja, kujifunza hulipiwa kila mwaka.

Sera ya 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, na mtaala wa 2015 uliweka KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kuwa msingi wa darasa la kwanza na la pili. Baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 tuliona jinsi watu walivyojitokeza kuinua kuta. Kuta zinahitajika. Lakini ndani ya kuta, katika shule nyingi za vijijini, mtoto wa miaka mitano bado anaitikia kwa sauti kile ambacho hajakigusa.

Kwa hiyo ninapendekeza sehemu ya michango ya mwaka huu itengwe kwa vifaa vya awali na darasa la kwanza, na itengwe tena mwakani na mwaka wa tatu: vitabu vya hadithi, mizani ya kupimia kahawa na maharage, sumaku, lenzi, kamba za kupimia, udongo wa kufinyanga. Visoda, vijiti na nyuzi za migomba tunavyo bure. Fundi seremala wa kijijini ataongeza vibao vya herufi. Risiti zisomwe mbele ya mkutano mkuu.

Wazee wetu waliyeyusha chuma kwa kichuguu na matete. Wajukuu wao wasikose mizani ya kujifunzia kuhesabu. Karibuni tuchange.