Mpiga Gitaa Mpweke na Bahasha Zake

Wengi wetu tuna vijana nyumbani wanaojifungia chumbani na kusikiliza muziki mzito wa magitaa, wa polepole kama mwendo wa jeneza, na mzazi akipita mlangoni hujiuliza kuna msiba gani humo ndani. Tumeona si vibaya katika toleo hili tuitafute historia ya muziki huo. Ndani yake mna jambo linalotuhusu sisi tulio mbali na kwetu: namna watu waliotawanyika duniani, wasiojuana kwa sura, walivyoshikamana miaka mingi kwa kutumiana kanda katika bahasha.

Muziki wenyewe ni tawi la hevi metali. Wapenzi wake huliita duumu metali, na msomaji asidhani ni lile dumu la maji; neno hilo la Kiingereza lina maana ya maangamizi yasiyoepukika. Matawi mengine ya metali hushindania kasi, hili hushindania uzito. Wimbo mmoja waweza kuchukua dakika kumi hata ishirini, na katika aina ya polepole kabisa, iitwayo duumu ya mazishi, pigo moja la ngoma huachwa lififie kabla ya jingine kufuata. Mashabiki wake hujiita watu wa chini kwa chini. Kwa vijana wa Dar es Salaam, andagraundi ni msanii chipukizi ambaye bado hajatoka. Huku mara nyingi ni msanii asiyetaka kutoka.

Chanzo chake ni kiwandani. Mwaka 1965, katika jiji la Birmingham, Uingereza, kijana wa miaka 17 aitwaye Tony Iommi alikuwa kibarua katika kiwanda cha mabati. Siku yake ya mwisho kazini, akijiandaa kwenda kupiga muziki, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Kwa kuwa Iommi ni mtu wa shoto, vidole hivyo ndivyo alivyobonyezea nyuzi za gitaa. Aliambiwa asahau muziki. Msimamizi wake kiwandani akamsikilizisha santuri ya Django Reinhardt, aliyekuwa mpiga gitaa hodari ingawa moto ulikuwa umemharibu vidole viwili. Iommi akayeyusha plastiki ya chupa ya sabuni, akajitengenezea vifuniko vya vidole na kuvivika ngozi. Akatafuta nyuzi nyembamba, na miaka michache baadaye akazilegeza zaidi. Uzi ukilegezwa, sauti yake hushuka na kuwa nzito. Kundi lake, Black Sabbath, lilirekodi albamu yake ya kwanza kwa siku moja tu mwaka 1969, nayo ikatoka Februari 13, 1970. Kutoka hapo ndipo duumu yote ilipochipuka.

Black Sabbath walipata umaarufu na fedha, lakini waliofuata njia yao ya polepole hawakupata. Kundi la Pentagram la Virginia, Marekani, lilianza mwaka 1971, na albamu yake ya kwanza haikutoka hadi 1985. Candlemass wa Stockholm, Sweden, walitoa albamu yao ya kwanza, Epicus Doomicus Metallicus, mwaka 1986. Haikuuzika vizuri, na kampuni iliyoitoa ikaachana nao. Leo albamu hiyohiyo huhesabiwa kuwa nguzo, na ndiyo iliyosaidia kulipa tawi hili jina lake. Sasa tujiulize: kitu ambacho soko limekikataa, kiliwezaje kudumu?

Jibu ni kanda, zile tulizokuwa nazo sote. Kampuni ya Philips ilizionyesha kwa mara ya kwanza mwaka 1963, na kilichozitofautisha na santuri ni kwamba mtu wa kawaida aliweza kunakili nyumbani kwake. Mwaka 1982 Metallica, wakiwa bado vijana wasiojulikana huko California, walirekodi demo iliyosambazwa na mashabiki kutoka mkono hadi mkono, hata kundi likajulikana mbali kabla ya kutoa albamu yoyote. Katika miaka ya 1980 mtandao wa wanakili ulitandaa Marekani na Ulaya, ukaingia Brazil, ukavuka hata mpaka wa vita baridi na kufika Poland, ambako santuri za namna hiyo hazikuwa rahisi kupatikana dukani.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Kila mtu aliandika kwa mkono orodha ya rekodi alizonazo, na ubora wa sauti ya kila moja. Ulituma orodha yako kwa mtu uliyepata anwani yake katika jarida dogo la kutoa fotokopi. Mojawapo la majarida hayo lilikuwa Slayer la Norway, lililoanza mwaka 1985. Mkishakubaliana, mlirekodiana. Kanda ya dakika 90 ilipendwa sana, kwani upande mmoja wa dakika 45 uliweza kubeba albamu nzima. Ndani ya bahasha ulitia barua na vikaratasi vya matangazo ya makundi mengine, naye mpokeaji akavisambaza katika bahasha zake mwenyewe. Hivyo karatasi iliyotoka kijiji cha Ufini iliweza kufika São Paulo bila mwenyewe kumjua aliyeipeleka. Gharama ya posta ilikuwa mzigo kwa vijana wasio na kazi, wakabuni ujanja: walipaka gundi juu ya stempu ili muhuri wa posta uweze kuoshwa, na barua zao zilimwomba mpokeaji azirudishe stempu zile. Idara za posta hazikufurahi, nasi hatuusifu ujanja huo, lakini unaonyesha kiu waliyokuwa nayo.

Sheria ilikuwa moja: ukipokea, ujibu. Aliyepokea kanda za wenzake akanyamaza, jina lake lilichapishwa majaridani kuwa ni tapeli, na mlango ukafungwa. Polisi hawakuwepo wala hakimu. Mtu alitoa kanda yake, jasho la usiku mzima, akaipeleka kwa mgeni wa bara jingine, kisha akasubiri wiki sita. Dhamana yake ilikuwa jina la yule mgeni tu.

Mfano mzuri ni Thergothon, vijana wa mji mdogo wa Kaarina, Ufini. Mwaka 1991 walitoa demo ya muziki wa polepole kupita kiasi, na ukasafiri kwa njia hiyohiyo ya bahasha. Albamu yao pekee, Stream from the Heavens, ilitolewa mwaka 1994 na Avantgarde Music ya Italia, wakati ambapo kundi lenyewe lilikuwa limekwisha kuvunjika. Leo wanatajwa miongoni mwa waanzilishi wa duumu ya mazishi. Wenyewe walikuwa wameshaondoka, na wanakili ndio waliobaki na kazi yao.

Sasa tunafika kwa wapweke wenyewe. Mwaka 1979 kampuni ya Tascam ilitoa Portastudio, mashine ya mezani iliyoweza kurekodi sauti nne, moja juu ya nyingine, katika kanda ya kawaida. Mtu mmoja akaweza kupiga ngoma, kisha besi, kisha gitaa, kisha akaimba, na akawa kundi zima peke yake. Duumu ilifaa sana kwa kazi hiyo, kwa sababu haidai kasi ya vidole. Yadai subira, na saa nyingi za usiku. Nchini Denmark yupo anayejiita Nortt, aliyeanza mwaka 1995, akatoa kanda za demo kwanza, kisha albamu ya Gudsforladt mwaka 2003, na vyombo vyote hupiga mwenyewe. Ubelgiji yupo Stijn van Cauter na mradi wake wa Until Death Overtakes Me. Sweden yupo Johan Ericson, aliyetoa Aeternum Vale mwaka 2006 kwa jina la Doom:VS.

Mtu akiwatazama hawa haraka atasema ni watu waliojitenga na binadamu. Sisi tunaona kinyume. Mtu anayerekodi peke yake hana mwenzake wa kumwambia kama wimbo unafaa au haufai. Hana wa kugawana naye gharama, wala jukwaa la kupimia. Kwa hiyo anamhitaji mgeni wa mbali kuliko mwanamuziki mwingine yeyote. Kanda isiyopata wa kuinakili hubaki kimya mtotoni mwa meza. Kumbe muziki wa mpweke hutegemea ukarimu wa wengi, na ukarimu huo ulikuwa na kanuni zake.

Intaneti imeondoa gharama. Tangu 2008, kupitia Bandcamp, mtu wa chumbani huweza kuuza muziki wake dunia nzima siku hiyohiyo aliyoumaliza. Ni neema kubwa. Hata hivyo, wengi wa chini kwa chini wangali wakitoa kanda, mara nyingi nakala mia moja au pungufu, na wanaonunua si kwamba hawana simu. Kilichowarudisha kwenye kanda, tunadhani, ni ule wajibu wa kujibu, ambao hupotea pale kitu kinapopatikana bila kuombwa.

Afrika Mashariki nayo imo. Mwaka 2020 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, iliyojiita kwa jina la kanda, ilitoa albamu ya Duma, vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu. Kwetu duma ni mnyama mwenye mbio. Wao wamelichukua kutoka Kikuyu, ambako lina maana ya giza. Muziki wao una kasi na makelele, si duumu, lakini ni jirani wa mtaa huohuo. Mwaka 2024 Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa albamu yake ya kwanza ya peke yake, The Adept, kupitia kampuni yake mwenyewe, Haekalu. Hata hiyo ya peke yake imejaa wageni waalikwa. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe.

Nasi huku ughaibuni tuna kanda zetu: taarabu zilizonakiliwa Mombasa na Unguja zikasafirishwa katika masanduku hadi Muscat, Dubai na London, na barua za sauti ambamo bibi anataja majina ya wajukuu mmoja mmoja. Utepe wa kanda huzeeka. Ukipata unyevu huota ukungu, na mashine za kuuchezea zinazidi kuadimika. Wale vijana wa Ufini hawakuokolewa na serikali wala makumbusho. Waliokolewa na watu walioketi usiku, wakabonyeza kitufe cha kurekodi, wakatia nakala katika bahasha. Basi tuzitoe zetu kabatini mwaka huu, tuzinakili, tuwapelekee ndugu na marafiki. Na atakayepokea, ajibu.