Ulaji wa Mafuta: Istilahi Inayodai Namba

Dereva wa Kiswahili halalamiki kwamba uchumi wa mafuta wa gari lake umeporomoka. Husema gari linakula mafuta, na wa Nairobi huenda akasema linakunywa. Dalali naye hulisifu kwa neno moja tu: halili.

Kiingereza huliita jambo hili fuel economy, na wapo wanaolifasiri neno kwa neno kuwa uchumi wa mafuta. Tafsiri hiyo humpeleka msomaji kwenye visima vya Saudi Arabia na Angola, si kwenye tangi la Vitz. Ufanisi wa mafuta nao huyasifu mafuta kwa kazi ya injini. Matumizi ya mafuta ni sahihi, na ndiyo yanayoandikwa katika ripoti za maofisi, ila humaanisha pia jumla: matumizi ya mwezi yanaweza kupanda kwa sababu safari zimeongezeka, ingawa gari halina kasoro yoyote. Neno la mtaani, ulaji, ndilo linaloufaa ufundi, kwa sharti kwamba lipewe kipimo.

Vipimo vinavyotumika zaidi duniani ni vitatu. Wamarekani na Waingereza huhesabu maili kwa galoni, tena galoni zao hazilingani: ya Marekani ni lita 3.79 na ya Uingereza ni lita 4.55. Wajapani huhesabu kilomita kwa lita, na kwa kuwa magari mengi ya Afrika Mashariki hutoka kwao yakiwa yameshatumika, ndicho kipimo tunachokisoma kwenye dashibodi. Nchi nyingi za Ulaya huhesabu lita kwa kilomita 100. Ukisema ulaji umepanda, msikilizaji anategemea namba ipande pia, na hilo hutokea kwenye kipimo hiki cha tatu pekee. Kugeuza ni rahisi: gawanya 100 kwa kilomita unazopata kwa lita moja. Gari linalokwenda kilomita 14 kwa lita linakula lita 7.1 kwa kilomita 100.

Kipimo hiki pia hakifichi hasara. Chukua gari dogo lililoshuka kutoka kilomita 20 hadi 15 kwa lita, na pikapu iliyoshuka kutoka 8 hadi 6. Kwa haraka utadhani gari dogo ndilo lililoharibika zaidi. Lakini ulaji wake umepanda kutoka lita 5 hadi 6.7, ilhali wa pikapu umepanda kutoka 12.5 hadi 16.7. Mwenye pikapu anaongeza zaidi ya lita nne kwa kila kilomita 100; mwenzake hafikishi hata mbili.

Fasili basi iwe hii: ulaji wa mafuta ni lita zinazochomwa na injini ili kulisogeza gari kilomita 100. Ulaji unapopanda ghafla, kila sehemu ya fasili hiyo ikaguliwe kwa zamu.

Kwanza kilomita. Tairi kubwa kuliko za awali huzunguka mara chache kwa umbali uleule, hivyo mita inahesabu kilomita pungufu na ulaji unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Foleni nayo huvuruga hesabu, maana gari lililosimama huku injini inanguruma huweza kuchoma kati ya nusu lita na lita nzima kwa saa bila kusogea. Linganisha njia ileile kwa saa zilezile. Jaza tangi mpaka pampu ijifunge yenyewe, weka mita ya safari kwenye sifuri, tembea, kisha jaza tena kwenye pampu ileile. Lita za mara ya pili ndizo zilizotumika. Mshale wa dashibodi haufai kwa hesabu hii.

Pili lita. Je, zote zilichomwa? Mpira wa mafuta uliopasuka, tangi lililotoboka na mtu mwenye mpira na dumu usiku vyote humaliza mafuta, lakini huo si ulaji. Ni uvujaji na wizi. Harufu ya petroli gari likiwa limeegeshwa ni sababu ya kutoliwasha kabla ya kukaguliwa. Upo pia uwezekano kwamba lita hazikuingia kamili. Tanzania, Wakala wa Vipimo ndio wanaohakiki pampu.

Tatu uchomaji, na hapa ndipo penye mengi. Petroli huungua vizuri ikipata takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya mafuta. Kompyuta ya gari hulinda uwiano huo kwa kusikiliza sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba la moshi. Sensa ikifa, kompyuta hurudi kwenye vipimo ilivyopangiwa kiwandani, ambavyo mara nyingi huzidisha mafuta. Bomba likitoboka kabla ya sensa, hewa ya nje huingia, sensa inadhani oksijeni imebaki nyingi, na kompyuta inaongeza mafuta yasiyohitajika.

Injini baridi nayo hupewa mafuta zaidi kwa makusudi, mpaka ipate joto. Ndiyo maana themostati ni mtuhumiwa mkubwa kwetu. Mafundi wengi huing'oa gari likichemsha, wakisema ni kifaa cha nchi za baridi. Kazi yake ni kuzuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka yafike nyuzi 80 na kitu. Ikitolewa, injini hukimbia barabara kuu bila kufikia joto lake, na mshale wa joto hubaki chini ya kawaida. Mashine ya kupimia hitilafu ikitoa msimbo P0128, anzia hapo. P0172 husema mafuta yamezidi hewa, na P0300 kwamba injini inamisi.

Mara nyingi lawama ya kwanza huiangukia eya klina. Kwa gari la kabureta inaweza kuwa haki. Kwa gari la sindano za kompyuta, vipimo vya maabara ya Oak Ridge ya Marekani vilivyotolewa 2009 vilionyesha kwamba chujio lililoziba huondoa nguvu ya kuchomoka lakini karibu haligusi ulaji, kwa kuwa kompyuta hupunguza mafuta kadiri hewa inavyopungua. Tena eya klina huziba polepole; haielezi ulaji uliopanda ghafla.

Nne ni kulisogeza gari, yaani kazi. Mwombe fundi asome kwenye mashine asilimia ya marekebisho ya mafuta, injini ikiwa na joto. Hicho ndicho kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza kwenye hesabu yake ya msingi. Kikipita 10 upande wowote, rudi kwenye uchomaji. Kikiwa karibu na sifuri, huenda injini inachoma ipasavyo ila inadaiwa kazi kubwa mno. Tafuta breki inayoshika: baada ya mwendo usio na breki nyingi, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa, na moja yenye joto kuliko wenzake inajitaja. Pima upepo wa tairi. Angalia pia kama gia otomatiki inajifunga kwenye mwendo mkubwa, kwani isipojifunga injini huzunguka zaidi ya kawaida.

Kwa hiyo anayefika gereji na kusema tu kwamba gari linakula mafuta atauziwa plagi. Aseme hivi: lilikuwa likila lita 7 kwa kilomita 100 njia ya Morogoro, sasa linakula 10, tangu lilipotengenezwa rejeta. Fundi makini akisikia hivyo, ataulizia themostati kabla hajafungua boneti.