Besiboli ya Usiku Mweupe: Goldpanners wa Fairbanks

Mji wa Fairbanks, katika Alaska, uko yapata kilomita 200 tu kusini ya Mzingo wa Aktiki, na katikati ya Juni usiku wake hauingii giza. Dhahabu iligunduliwa huko mwaka 1902, watu wakafurika. Mwaka 1906 wateja wa vilabu viwili vya pombe waliwekeana dau, wakacheza besiboli usiku wa manane pasipo taa. Mchezo huo ukawa mila ya kila mwaka.

Alaska ilifanywa jimbo la Marekani mwaka 1959. Mwaka uliofuata H. A. Boucher, aliyepata kuwa baharia wa jeshi, aliunda timu ya wanafunzi wa vyuo waliokuwa likizoni, akaiita Goldpanners, yaani wachekecha dhahabu. Nayo ikaurithi mchezo ule wa usiku.

Hapa yafaa msomaji atue kidogo. Hesabu ya mwaka 1960 iliwakuta Fairbanks watu 13,311 tu. Wachezaji wengi walitoka mbali, na kanuni za michezo ya vyuo hazikuwaruhusu kulipwa mshahara kwa kucheza. Basi familia za mji ziliwapa malazi, na waajiri wakawapa vibarua. Je, timu ya wageni yaweza kuhesabiwa kuwa utamaduni wa mji? Wapo watakaokataa. Kwa maoni yangu yaweza, maana mji ndio uliowalisha, ukawalaza na kuwashangilia. (Ila neno "wenyeji" tulitumie kwa hadhari: Wadene waliishi katika bonde la Tanana karne nyingi kabla ya mchimbaji wa kwanza, na jina la timu haliwakumbuki.)

Miongoni mwa vijana wa mwaka 1964 alikuwamo Tom Seaver, mrushaji mpira ambaye baadaye alipata sifa kuu katika New York Mets. Boucher naye alichaguliwa kuwa naibu gavana mwaka 1970. Timu ilitwaa ubingwa wa taifa wa mashindano ya Wichita, Kansas, mara tatu mfululizo, 1972 hadi 1974.

Kwa miaka mingi mchezo wa usiku ulianza saa nne na nusu. Ikawa desturi kuusimamisha karibu na saa sita, watazamaji wakasimama na kuimba wimbo wa bendera ya Alaska, bendera iliyobuniwa mwaka 1927 na Benny Benson, mwanafunzi mwenye asili ya wenyeji wa Alaska.