Jini, Gongo na Maji Machungu

Nchini kwetu maji meupe ya kulewesha yamewahi kuwa na majina matatu. Yakiwa katika chupa iliyotoka Uingereza yaliitwa jini. Yakiwa katika chupa ya soda iliyozibwa kwa kipande cha gunzi la mahindi yaliitwa gongo, au moshi, au piwa. Na yalipotoka kiwandani Dar es Salaam, yakiwa na lebo na ushuru wake umelipwa, yaliitwa konyagi. Mkemia akiyapima ataona tofauti ya harufu, na pengine tofauti kubwa ya usafi, lakini kile kinacholewesha ndani ya yote matatu ni kitu kilekile. Hakimu hakuwa na maoni hayo, na habari yangu inahusu zaidi hakimu kuliko mkemia.

Nimeingia katika mambo haya kwa sababu katika ukoo wetu mimi ndiye ninayekabidhiwa vinywaji wakati wa sherehe. Wenzetu wa Ulaya hufanya karamu za majira ya kuchipua kuanzia Machi, theluji inapoyeyuka. Huku Shinyanga kuchipua kwetu ni Novemba, mvua za kwanza zinapoiangukia ardhi iliyopasuka, migunga ikavaa majani kwa siku chache tu na ng'ombe wakaanza kunenepa. Vijana wetu siku hizi, wakiaga binti au wakibatiza mtoto majira hayo, hutaka kokteli ya jini yenye povu. Nawatengenezea, wala sina kinyongo. Ila kila ninapopima toti nawakumbuka watu wawili waliozaliwa tumbo moja: baba yangu mkubwa na shangazi yangu. Mmoja alimimina jini kwa miaka asiruhusiwe kuionja. Mwingine alipika ndugu yake jini asiruhusiwe kuiuza.

Jini ilianzia Uholanzi, Waingereza wakaichukua na kuifanya yao. Ni pombe kali ya nafaka iliyotiwa harufu ya tunda dogo la mti ambao, kwa bahati, una ndugu yake hapa kwetu: mtarakwa, ule unaoota katika misitu ya Kilimanjaro, Meru na Usambara. Sisi mtarakwa tuliufanya nguzo na mbao. Sijasikia mtu aliyewaza kutia matunda yake katika pombe. Jina lenyewe liliwatia wazee wetu mashaka. Jini ni jini, walisema, na anayefunguliwa kutoka katika chupa hakubali kurudi.

Mataifa ya Ulaya nayo yalikuwa na hofu, ingawa si kwa ajili yao wenyewe. Katika Mkataba wa Brussels wa 1890 yalikubaliana kuzuia pombe kali isiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya ikweta. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mkataba mwingine uliotiwa saini Saint-Germain-en-Laye mwaka 1919 ulikaza kamba hiyo. Waingereza walipoitawala Tanganyika waliendesha mambo kwa mstari huo: Mzungu aliruhusiwa chupa yake, Mwafrika alikatazwa pombe kali ya aina yoyote. Sababu zilizotolewa zilikuwa za huruma. Mwafrika, ilisemekana, hana kichwa cha kuhimili. Katazo hilo lilidumu hadi miaka ya 1950, karibu na mwisho wa ukoloni wenyewe.

Sasa fikiria sheria hiyo ikitumika katika nchi ya migodi. Dhahabu ya Geita ilijulikana tangu enzi za Wajerumani, mwaka 1898, na kufikia miaka ya 1930 ilikuwa ikichimbwa kwa mitambo mikubwa, hadi mgodi ule wa zamani ulipofungwa mwaka 1966. Upande wa Shinyanga, Mkanada John Williamson aligundua almasi ya Mwadui mwaka 1940; mwaka 1947 likapatikana jiwe la waridi la karati 54.5, ambalo lilikatwa likabaki karati 23.6 na kuwa zawadi ya harusi ya Binti Elizabeth, aliyekuja kuwa Malkia. Palipokuwa na wahandisi palikuwa na klabu, na palipokuwa na klabu palikuwa na baa, na nyuma ya baa alisimama Mwafrika aliyevaa kanzu nyeupe.

Baba mkubwa alikuwa mmoja wa watu hao, katika mgodi mmoja wa kanda hii, kuanzia mwaka 1948. Aliniambia kuwa kazi ile ilihitaji macho kuliko mikono. Toti moja ya jini, barafu kutoka katika jokofu la mafuta ya taa, kipande cha ndimu, kisha maji machungu juu. Alimjua kila bwana na kipimo chake. Jioni chupa zilipigwa mstari kwa penseli pale jini ilipofikia, asubuhi zikakaguliwa. Sheria ilimruhusu kuibeba glasi, kuijaza, kuikusanya ikiwa nusu na kuiosha. Kilichobaki ndani alitakiwa akimwage. Katazo lilipoondolewa alinunua toti yake ya kwanza kwa fedha yake. Nilipomuuliza ilikuwaje, alisema hakuona cha ajabu, akarudia pombe yake ya mtama.

Yale maji machungu nayo yana historia ndefu, na kwa mtu wa Afrika Mashariki ndiyo sehemu tamu ya habari hii. Uchungu wake ni wa kwinini, dawa ya malaria itokayo katika magome ya mti wa milima ya Amerika ya Kusini. Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenga dawa hiyo mwaka 1820. Waingereza wa India, waliolazimika kuinywa, waliizoea kwa kuichanganya na sukari na maji ya gesi, kisha na jini. Ndivyo toniki ilivyopata heshima ya kuwa starehe.

Mti huo uliletwa hata kwetu. Wajerumani waliupanda Amani, katika milima ya Usambara, kwenye kituo cha utafiti walichokianzisha mwaka 1902. Vita vilipofika mwaka 1914 na Waingereza wakafunga bahari, jeshi la von Lettow-Vorbeck likakosa dawa kutoka nje. Magome ya hapa nchini yakatumika, yakachemshwa, yakatoka maji machungu ajabu ambayo askari waliyapachika jina la Lettow-Schnaps, yaani pombe kali ya Lettow. Haikuwa pombe hata kidogo. Katika vita hivyohivyo Wafaransa walikuwa na mzinga wao mashuhuri wa milimita 75, na jina lake likapewa kinywaji cha jini, limau, sukari na shampeni. Ndiye babu wa kokteli nyingi zenye povu zinazonywewa leo katika karamu za Ulaya. Mpagazi aliyebeba mizigo ya vita hapa kwetu, akinywa dawa ya magome ili asife njiani, hakujua kwamba uchungu huo na povu lile vitakuja kukutana katika glasi ya wajukuu zake. Baadaye ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika milima ya Kivu, Wabelgiji walipanda mashamba makubwa ya mti huo, na kwa miongo mingi kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kimekuwa kikitoa kwinini kwa dunia.

Hapa niwatoe wasiwasi, au niwatie, wale wanaodai kunywa jini na toniki kwa ajili ya malaria. Toniki ya leo ina kwinini kidogo mno. Marekani kwa mfano kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni miligramu 83 kwa lita. Mgonjwa mtu mzima aliyeandikiwa kwinini humeza miligramu 600 mara 3 kwa siku, kwa siku 7. Piga hesabu: ni lita 21 na ushei za toniki kila siku. Atakufa kwa maji kabla mbu hajashughulika naye.

Basi ninavyoitengeneza ni hivi. Siku moja kabla nachemsha sukari na maji kwa vipimo sawa pamoja na tangawizi iliyopondwa, nachuja, naacha ipoe. Ukwaju naloweka usiku kucha, maana huku kwetu mikwaju haina shida na ndimu za Novemba zina ngozi ngumu na maji kidogo. Katika kila glasi huingia toti moja ya jini, nusu toti ya ukwaju uliochujwa vizuri na nusu toti ya ile sukari, pamoja na barafu. Toniki huja mwisho, na lazima iwe imelala kwenye barafu tangu asubuhi. Vijana wengi wanakosea hapa. Gesi hukaa katika maji baridi na huyakimbia maji ya moto. Ukifungua toniki vuguvugu katika joto la Shinyanga povu lote litaishia mezani na mgeni atakunywa sharubati. Imiminwe taratibu ubavuni mwa glasi, ikorogwe mara moja tu. Wasiokunywa wana jagi lao, lenye kila kitu ila jini, na nimeona ndilo linalokwisha kwanza.

Nimesema shangazi alipika. Kupika gongo si uchawi. Pombe ya unga au sukari iliyochachuka huwekwa katika pipa juu ya moto. Kilevi huchemka kwenye nyuzi 78, maji kwenye 100, hivyo mvuke wa kwanza una kilevi kingi. Mvuke huo hupitishwa katika bomba la shaba lililozamishwa majini, ukapoa, ukadondoka tone tone. Kanuni ni hiyohiyo ya kiwanda cha London. Ufundi huo inaelekea uliletwa Afrika Mashariki na askari wa Kisudani waliochukuliwa na Wajerumani na Waingereza katika miaka ya 1880 na 1890. Ndiyo maana maofisa wa Kiingereza waliiita jini ya Wanubi. Waganda husema waragi yao imetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya jini ya vita. Mimi naona imetokana na araki ya Kiarabu, iliyokuja na askari haohao.

Uhuru ulipokuja wengi walidhani mambo yatabadilika. Yalibadilika kidogo. Uganda ilitunga sheria mwaka 1965 iliyowataka wapikaji wawe na leseni, Tanzania nayo ikatunga ya kwake juu ya moshi mwaka 1966. Aliyepika bila leseni alikuwa mhalifu kama zamani, na mjane wa kijijini alikuwa mbali sana na leseni. Siitetei gongo. Ikipikwa ovyo au ikichanganywa na methanoli hupofua na kuua. Nairobi mwaka 2000 zaidi ya watu 100 walikufa kwa tukio moja la pombe ya namna hiyo. Shangazi aliyajua hayo. Alimwaga matone ya kwanza, akaijaribu kila pika kwa kijiko na kiberiti. Mwali wa buluu uliotulia ulimridhisha. Wa njano aliutilia shaka.

Alikamatwa mwaka 1969. Faini ilimshinda, akafungwa miezi 6. Mimi wakati huo nilikuwa shule ya bweni Tabora, nikiwa na sanduku la bati, blanketi na nauli ya treni, vyote vilivyotokana na chupa zake. Katika ukoo wetu hotuba za sherehe husema tulisomeshwa na mshahara wa baba mkubwa. Mshahara wa boi wa baa ulinunua chumvi na sabuni, na yeye mwenyewe hakuwahi kudai zaidi ya hapo. Tuliosomeshwa na gongo tupo 4, na mpaka sasa tunapiga makofi hotuba hiyo inaposomwa.

Konyagi ilikuja miaka ya 1970 kutoka Tanzania Distilleries. Jina ni la zamani, lilikuwa neno letu la brandi, kutoka mji wa Cognac wa Ufaransa, ingawa kilichomo ndani kina nguvu ya asilimia 35 na ladha iliyo karibu na jini kuliko brandi. Nchi ikawa na maji meupe yake, halali, na wengi wakajivunia. Dhahabu ilipowaita tena vijana Geita na Kahama miaka ya 1980 na 1990, pombe kali iliwafuata mpaka kwenye mashimo, na baadaye ikafungwa katika vifuko vidogo vya plastiki, viroba, vilivyoingia mfukoni mwa shati. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017.

Shangazi hakuiona siku hiyo, lakini viroba aliviona. Duka lililokuwa mkabala na nyumba yake liliviuza, leseni ikiwa imetundikwa ukutani. Siku moja alimtuma mjukuu amletee kimoja. Alikipasua kwa meno, akamimina kidogo katika kijiko, akawasha kiberiti. Njiti ya kwanza ikazimika, ya pili ikatoa mwali mdogo uliokufa palepale.

"Wametia maji," akasema, akarudia kuchambua mchele wake.