Mikia Topeni: Jina la Dodoma

Vijana wa kipaimara wakiniuliza maana ya jina Dodoma, huwaambia habari mbili, kwa kuwa Wagogo wametuachia mbili.

Ya kwanza inapendwa na wote. Tembo alishuka kunywa maji katika kijito cha Kikuyu, kilichoitwa hivyo kwa ajili ya mikuyu iliyoota kingoni, akakwama kwenye tope. Waliomwona wakasema, "Idodomya," yaani amezama.

Ya pili husimuliwa kwa sauti ya chini. Watu wa hapa waliiba ng'ombe wa majirani wa kusini, ng'ambo ya mto Ruaha, wakawachinja wakawala. Mikia wakaisimika topeni. Wenye mali walipofika wakaambiwa: tazameni, ng'ombe wenu wamezama. Kwa hesabu ya Katekisimu Ndogo, hapo zilivunjwa Amri ya Saba na ya Nane kwa mkupuo mmoja.

Reli ya Wajerumani ilitoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910 na Kigoma 1914. Mpwapwa na Kilimatinde, zilizojulikana tangu siku za misafara, ziliachwa pembeni. Stesheni ikajengwa penye jina la tope.

Mzee mmoja wa kanisa alinisihi niache habari ya mikia. "Mchungaji, unawaaibisha Wagogo mbele ya watoto wao." Nilimkumbusha Yakobo, aliyevaa ngozi za mbuzi mikononi ili amdanganye baba yake kipofu. Esau alisema jina lenyewe lilimstahili mdogo wake, na Waisraeli hawakulifuta neno hilo katika kitabu chao.

Mzee akanyamaza kitambo. Kisha akanieleza aliyoyasikia kwa bibi yake juu ya Mtunya, njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920. Vita vilikuwa vimepita Ugogo. Waingereza waliiteka Dodoma Julai 1916. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, na mvua zilipokosekana ghala zilikuwa tupu. Watu wengi mno walikufa.

"Ng'ombe hao nao walizama," alisema, "na hakuna aliyekuja kutuonyesha hata mikia."

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile vijana nawaambia habari tatu, na ya tatu humwomba mzee aisimulie mwenyewe.